Jackie Robinson, aliyeshinda kabla ligi haijaanza

 

Majuma haya ligi haijaanza, lakini ukipita hapa Bomani, Tarime, utadhani fainali ni kesho. Ibada ikimalizika, kabla hata wahesabu sadaka hawajafunga mlango wa ofisi, simu zimeshatoka mifukoni. Yanga wameweka kambi wapi? Simba wamemsajili nani? Yule beki aliyeumia goti amerudi mazoezini au bado? Sina ugomvi na vijana hao. Nami nilikuwa hivyo hivyo enzi za kutegea redio sikio. Habari za kambi zina utamu wake, kwa sababu hakuna pointi inayopotea na kila timu bado ni bingwa.

Katika maongezi hayo, Jumapili iliyopita, kijana mmoja wa kwaya alinivuta pembeni. Siku chache nyuma alikuwa ametukanwa sokoni mbele za watu, matusi ya mama na ya ukoo, na mtu anayemfahamu vizuri. Hakujibu kitu. Aliokota mzigo wake akaondoka, na tangu siku hiyo wenzake wanamcheka. Akaniuliza kama Mathayo 5, ile habari ya shavu la pili, iliandikwa kwa ajili ya mwanamume wa Tarime pia. Aliuliza kwa mzaha, ila macho yake hayakuwa ya mzaha. Tunajijua watu wa huku. Mura hafundishwi kunyamaza. Nilimwahidi jibu, nikaenda nyumbani sina.

Nilichokipata baadaye ni maisha ya mtu mmoja, mwanamichezo aliyekufa zamani, wa mchezo ambao huku kwetu hauchezwi. Kuna mwaka ambao watu weusi wa Marekani walifuatilia habari za kambi yake kama vijana wetu wanavyofuatilia Simba na Yanga, na kwao haukuwa mchezo. Jina lake ni Jackie Robinson.

Alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 katika mji mdogo wa Cairo, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, wa mwisho kati ya watoto watano. Baba yake alilima shamba la mzungu kwa mgawo wa mavuno, na mtoto huyo akiwa bado mchanga aliiacha familia. Mama yake, Mallie, aliwapakia watoto wote kwenye treni mwaka 1920 akawapeleka Pasadena, California, upande wa pili wa nchi, akawalea kwa kufua na kusafisha nyumba za watu. Aliponunua nyumba katika mtaa wa wazungu, majirani walitia saini ili atolewe. Hakutoka. Alikuwa Mmethodisti, mwanamke wa maombi, na alimfundisha kitinda mimba wake kupiga magoti kando ya kitanda kabla ya kulala, tabia ambayo Jackie alibaki nayo hata alipokuwa mtu mzima.

Msidhani alikua mtoto wa Jumapili. Alikuwa na kundi la vijana mtaani, wakirushia magari mawe na kuiba matunda, na polisi walimfahamu. Aliyemtoa huko ni mchungaji kijana, Karl Downs, aliyefika katika Kanisa la Methodisti la Scott hapo Pasadena akiwa na mawazo mapya: vijana wapewe michezo na kazi ndani ya kanisa. Wazee wa kanisa walinung'unika, kama wanavyonung'unika wazee wa kanisa popote. Lakini Jackie aliingia, na baada ya muda akawa mwalimu wa shule ya Jumapili. Jumamosi alicheza mpira wa Kimarekani mpaka mwili ukamuuma kila kiungo, Jumapili asubuhi akasimama mbele ya watoto. Wanaosema michezo inawatoa vijana kanisani wangemuuliza Karl Downs.

Katika chuo kikuu cha UCLA aliiwakilisha timu ya chuo katika michezo minne. La kuchekesha ni kwamba besiboli ndiyo aliyofanya vibaya kuliko yote. Kaka yake, Mack, alipata medali ya fedha katika mbio za mita 200 kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, nyuma ya Jesse Owens. Aliporudi Pasadena na medali yake, kazi aliyoipata ni kufagia barabara. Jackie aliyaona hayo akiwa na miaka 17.

Mwaka 1942 aliitwa jeshini, akawa luteni. Tarehe 6 Julai 1944, katika kambi ya kijeshi huko Texas, dereva wa basi alimwamuru ahamie viti vya nyuma. Jeshi lenyewe lilikuwa limeshakataza ubaguzi kwenye mabasi yake, na Robinson alilijua hilo. Akagoma. Alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, jopo la maofisa tisa wakamsikiliza, wakamwachia huru. Likumbukeni basi hilo, maana kuna basi jingine linakuja.

Sasa mnivumilie kidogo nieleze mchezo. Katika besiboli mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwingine anaungoja na gongo mkononi. Akiupiga vizuri anakimbia kupitia vituo vitatu mpaka arudi alikoanzia, na akirudi salama timu yake imepata alama. Aliyecheza rede utotoni hatapotea sana. Mkimbiaji mwerevu anaweza hata kuiba kituo, yaani kukimbilia kituo cha mbele ghafla, mpira ukiwa bado mikononi mwa wapinzani. Enzi hizo ligi yao ilianza Aprili. Kwa kuwa Februari na Machi kaskazini kuna theluji, timu husafiri kwenda kusini kwenye joto, hasa Florida, na kuweka kambi huko majuma sita au zaidi, wakifanya mazoezi na kucheza mechi za kirafiki, na magazeti hayaandiki kingine.

Tangu miaka ya 1880 hakuna mtu mweusi aliyekuwa amecheza katika ligi kuu hizo. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Wenye timu walielewana tu, na maelewano ya kimyakimya ni magumu kuvunja kuliko sheria. Weusi walikuwa na ligi zao, na humo ndimo Robinson alimokuwa akicheza mwaka 1945, katika timu ya Kansas City Monarchs, alipoitwa Brooklyn na mzee mmoja aitwaye Branch Rickey.

Rickey alikuwa mkuu wa timu ya Brooklyn Dodgers na Mmethodisti wa msimamo: alikuwa amemwahidi mama yake kwamba Jumapili hataingia uwanjani, na akaishi hivyo katika biashara ambayo Jumapili ndiyo siku yake ya mapato. Alipokuwa kijana, akifundisha timu ya chuo kimoja, mchezaji wake mweusi alikataliwa chumba hotelini, na Rickey alisimulia mara nyingi jinsi alivyomkuta analia na kujikwaruza ngozi ya mikono kana kwamba inaweza kubanduka. Wapo wanaosema alitafuta pia fedha za mashabiki weusi. Huenda. Mungu amewahi kutumia watu wenye nia mbili mfukoni.

Walikutana tarehe 28 Agosti 1945, na kikao kilichukua kama saa tatu. Rickey hakumuuliza sana kuhusu mpira. Alisimama akavua koti, akaigiza: mara ni karani wa hoteli anayemfukuza, mara ni mchezaji mpinzani anayemtukania mama yake, mara anamrushia ngumi karibu na uso. Kisha akatoa kitabu cha Mwitalia Giovanni Papini kuhusu maisha ya Kristo, akamsomea mahali panapozungumzia shavu la pili. Alichokitaka ni agano: kwa miaka mitatu, Robinson asijibu. Asirushe ngumi, asirudishe tusi, chochote atakachofanyiwa. Akijibu mara moja tu, wenye timu watasema walijua tangu mwanzo kwamba weusi hawawezi, na mlango utafungwa kwa miaka mingine mingi.

Huyu ndiye mtu aliyegoma kuhama kiti. Alifikiri, akakubali. Alipewa dola 3,500 za kusaini na mshahara wa dola 600 kwa mwezi, akapangiwa kuanza na Montreal Royals ya Kanada, timu ya daraja la chini iliyo mali ya Dodgers. Tarehe 10 Februari 1946 Karl Downs alimfungisha ndoa na Rachel Isum, muuguzi. Siku 18 baadaye bwana na bibi harusi wakapanda ndege kwenda kambini.

Mallie alikuja uwanja wa ndege na kasha la viatu lililojaa kuku wa kukaanga na mayai ya kuchemsha. Rachel, aliyevaa koti lake zuri la harusi, aliona aibu. Watu wa ndege watawaonaje? Walichukua kwa heshima ya mama. Mama alikuwa ametoka kusini, alijua anachokifanya. Huko New Orleans waliondolewa kwenye ndege. Hakuna mgahawa uliowakubalia wakae mezani wale. Katika chumba kichafu cha hoteli walifungua kasha la mama, wakala.

Walipopata ndege nyingine, Pensacola wakashushwa tena ili wazungu wapate viti. Wakapanda basi. Walikaa kwenye viti vizuri vinavyolala, Robinson akasinzia. Dereva akasimamisha basi, akawaamuru waende nyuma kabisa.

Robinson akainuka, akaenda nyuma.

Nimejaribu kumwona Rachel usiku ule, koti la harusi likishika vumbi, safari ya usiku kucha. Alisimulia baadaye kwamba alilia gizani kimyakimya ili mumewe asimsikie, na kwamba hakulia kwa ajili ya kiti. Alimlilia mume aliyemwona akimeza kile ambacho hakukimeza mbele ya mahakama ya jeshi. Mwenyewe Robinson alipofika Daytona Beach tarehe 2 Machi, baada ya safari ya siku nzima na nusu, alisema anarudi California. Waandishi wawili weusi walikesha naye wakimtuliza.

Hao waandishi wanahitaji neno. Wendell Smith alikuwa wa gazeti la Pittsburgh Courier, pamoja na mpiga picha Billy Rowe. Ujanani Smith alikuwa mrushaji hodari wa besiboli. Msaka vipaji mmoja alimwambia angependa kumsajili, ila rangi. Akachukua kalamu. Magazeti makubwa ya wazungu yaliiandika kambi ile kwa mistari michache, kana kwamba ni usajili kama usajili mwingine. Magazeti ya weusi, yaliyotoka mara moja kwa juma, yaliifuata hatua kwa hatua. Wahudumu weusi wa treni waliyabeba mpaka vijiji vya kusini, yakasomwa vinyozini na vibarazani mwa makanisa, nakala moja ikipita mikono mingi. Bega lake likoje? Amepiga mpira leo? Wamemfukuza tena? Msomaji wa gazeti lile aliyekuwa akivuna pamba kwa mgawo alijua kwamba mtu mmoja akishindwa kambini Florida, mwanawe ataambiwa hafai.

Mwaka ule Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 6 Machi. Robinson aliingia mazoezini tarehe 4, katika mji wa Sanford, pamoja na mweusi mwingine, mrushaji John Wright. Wachezaji wazungu walilala hotelini, wao wawili nyumbani kwa familia moja nyeusi. Siku ya pili ilipoisha, ujumbe ukaletwa: watu wa mji wanataka weusi hao waondoke kabla usiku haujaingia. Smith na Rowe waliwapakia kwenye gari, wakawarudisha Daytona Beach. Wale tunaoshika Kwaresima tuliwahi kuianza kwa kufunga chai na sukari. Yeye aliianza hivyo.

Daytona ulikuwa mji wa afadhali kidogo. Palikuwa na chuo cha mama mashuhuri, Mary McLeod Bethune, na viongozi weusi waliosikilizwa na meya. Robinson na mkewe walipewa chumba nyumbani kwa mfamasia mmoja mweusi. Lakini kambi yenyewe ilikwenda vibaya. Kwa kutaka kuonyesha kila kitu siku ya kwanza, alirusha mpira kwa nguvu mno mpaka mkono ukavimba, hawezi kuunyanyua. Rachel akawa anaukanda usiku. Ilibidi ahamishwe nafasi, apewe sehemu isiyohitaji mtupo mrefu. Na gongo likakataa kabisa. Siku zikapita bila kupiga mpira wa maana, na waandishi wengine wakaanza kuandika kwamba kama angekuwa mzungu angeshaachwa. Kocha wake, Clay Hopper, alikuwa mtu wa Mississippi ambaye alimsihi Rickey asimpe kazi hiyo.

Jumapili ya tarehe 17 Machi, Royals walicheza na Dodgers wenyewe hapo Daytona. Watu kama 4,000 walifika, weusi wakibanwa katika sehemu yao ya jukwaa, wengi wakitoka moja kwa moja ibadani na nguo za kanisa. Robinson hakupiga hata mpira mmoja wa kuhesabika. Lakini alifika kituoni, akaiba kingine, akarudi nyumbani na alama. Mji haukuungua. Ndiyo ilikuwa habari yenyewe: mweusi na wazungu walicheza pamoja Florida mchana kweupe, na watu wakaenda kula chakula cha jioni.

Miji mingine haikufuata. Jacksonville, timu ilikuta lango la uwanja limefungwa kwa kufuli. DeLand, waliambiwa taa za uwanja zinatengenezwa, na mechi ilikuwa ya mchana. Waliporudi Sanford mwezi Aprili, Robinson alicheza kidogo tu, akapata alama, kisha mkuu wa polisi akaingia uwanjani kumwambia kocha amtoe. Akatoka. Kila juma magazeti yakaenda na treni, na kila juma msomaji wa mbali akasoma kwamba hajarusha ngumi na bado yupo.

Alhamisi Kuu, tarehe 18 Aprili 1946, ligi ikafunguliwa huko Jersey City. Nafasi yake ya kwanza, mpira dhaifu tu. Ya pili, akaupiga nje ya uwanja, wachezaji watatu wakarudi nyumbani kwa pigo moja. Siku hiyo katika nafasi tano alipiga minne, akaiba vituo viwili, akarudi na alama nne mwenyewe. Royals walishinda 14 kwa 1. Mwisho wa msimu aliongoza ligi nzima kwa upigaji, Montreal wakachukua ubingwa, na umati wa wazungu ukamkimbiza mitaani ukitaka kumkumbatia. Hopper wa Mississippi akamshika mkono akamsifu.

Yaliyofuata mnaweza kuyasoma kwa wengi, nitayapita upesi. Mwaka 1947 Rickey aliikwepa Florida akaweka kambi Havana, Cuba. Baadhi ya wachezaji wa Dodgers wakaandaa waraka wa kumkataa. Kocha Leo Durocher akawaamsha usiku akawaambia anayetaka kuondoka aondoke. Tarehe 15 Aprili 1947 Robinson aliingia uwanja wa Ebbets Field akiwa mweusi wa kwanza katika ligi kuu ya zama hizo. Juma moja baadaye timu ya Philadelphia, ikiongozwa na kocha wao Ben Chapman, ilimmwagia matusi ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Alikiri baadaye kwamba siku hiyo nusura avunje agano, awafuate benchini kwao. Aliyewageukia ni Eddie Stanky, mchezaji mwenzake mzungu ambaye mwanzoni hakumtaka. Aliwaita waoga kwa kumtukana mtu asiyeruhusiwa kujibu. Kisha ikaja amri nyingine, pengine ngumu kuliko zote: apige picha na Chapman, ili mambo yatulie. Akasimama naye, wameshika gongo moja.

Kijana wangu wa kwaya angeniuliza hapa: na uliishia wapi huo unyamavu? Swali zuri, kwa sababu wahubiri wengi humalizia hadithi hii kwenye picha. Agano lilikuwa na mwisho. Mwaka 1949 Rickey alimwambia sasa yuko huru, na Robinson akafungua mdomo. Aligombana na waamuzi, akawajibu wapinzani, akaandikia wakubwa barua kali. Mwaka huohuo alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake. Na magazeti yaliyomsifu kwa upole yakaanza kumwita mtu wa fujo. Walikuwa wamempenda akiwa kimya wakadhani kimya ndiyo tabia yake, au ndiyo nafasi yake. Nadhani kosa hilo tunalifanya nasi makanisani, tukimwona mjane hadai shamba lake tunasema ana roho ya Kikristo. Bwana wetu alipopigwa kofi na mtumishi wa kuhani mkuu, katika Yohana 18, hakurudisha kofi. Lakini alimuuliza yule mtu kosa lake liko wapi, na kwa nini anampiga. Kwa miaka mingi nilisoma Mathayo 5 bila kuiweka karibu na sura ile.

Hakuwa malaika. Mwaka 1949 alikubali kwenda mbele ya kamati ya Bunge kumpinga mwimbaji Paul Robeson, na uzeeni alijuta kwa jinsi alivyokuwa ametumiwa. Kama neno uzeeni linamfaa mtu aliyekufa na miaka 53. Nyumbani pia alipata pigo. Mwanawe wa kwanza, Jackie mdogo, alijeruhiwa vitani Vietnam, akarudi na dawa za kulevya. Akapona kabisa, akawa anawasaidia wengine, kisha akafa kwa ajali ya gari Juni 1971, akiwa na miaka 24. Karl Downs, mchungaji wake, alikuwa ametangulia mwaka 1948, baada ya upasuaji. Robinson aliamini kwamba kama Downs angekuwa mzungu angehudumiwa vizuri na kupona.

Alistaafu mwanzoni mwa 1957, akafanya kazi katika kampuni ya kahawa jijini New York, akachangisha fedha kwa ajili ya makanisa ya weusi yaliyochomwa moto, akatembea na Martin Luther King. Na hapa anatukaribia sisi. Tom Mboya, yule wa Rusinga, kisiwa cha ziwa letu hili, alipokwenda Marekani kutafuta nauli za vijana wa Afrika Mashariki waliopata nafasi vyuoni, Robinson alikuwa miongoni mwa waliotia saini barua ya kuomba michango, pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier. Septemba 1959 ndege ilitua New York na wanafunzi 81. Waliofuata mwaka 1960 walikuwa wengi zaidi, wakiwamo wa Tanganyika, na Mkenya mmoja wa kike, Wangari Maathai.

Kisukari kilimla. Oktoba 1972, nywele zimekuwa nyeupe na macho karibu hayaoni, aliheshimiwa kwenye fainali huko Cincinnati, mbele ya runinga za nchi nzima. Alishukuru, kisha akasema atafurahi zaidi siku atakapoona kocha mweusi akiongoza timu. Siku tisa baadaye, tarehe 24 Oktoba, alifariki. Tangu 1997 hakuna timu ya ligi kuu inayoruhusiwa kumpa mchezaji mpya namba 42, namba yake.

Mwanawe mwingine, David, alihamia Tanzania katika miaka ya 1980. Alikwenda Mbozi, nyanda za juu kusini, akalima kahawa, akajiunga na majirani zake wakulima wadogo ili kahawa yao iuzwe Marekani bila kupita mikono mingi. Wakulima wa kahawa wa milima yetu ya Tarime wanaelewa ninachosema kuhusu mikono mingi. Jina la Robinson, lililofukuzwa Sanford kabla ya giza, lina shamba katika nchi hii.

Kijana wa kwaya nitaonana naye leo baada ya ibada ya pili. Shauri lake na yule mtu wa sokoni litasikilizwa na wazee wa mtaa Jumanne. Ameniambia kwa simu kwamba atakwenda, mikono mitupu, na kwamba ana swali moja la kumuuliza mwenzake mbele ya watu wote.